Kwaresima Yenye Nilikula

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Ngoga, wewe askari wa mulango, nani alikulea? Kale kamashini kako ka kutafuta chuma kanalia juu sufuria ni ya chuma! Sufuria zote za dunia ni za chuma. Ulitaka nipike maharagi mu kitunga? Nusu ya asubuhi nimesimama mu mvua, kifuniko wazi, we unachokora chakula ya wagonjwa na kijiko kama kuku mwenye anatafuta funza. Kesho ukiniona, unafungua mulango na unasema "Mwaramutse, mukecuru," ni kusema habari ya asubuhi, mama muzee. Njo vile watu wenye walilelewa wanafanya.

Nilimuambia vile vile, mbele ya wenzake, wakacheka. Ninaandika ili kesho nisisahau kumurudilia.

Donc. Nieleze vizuri, juu hii kaye, daftari ya shule, nilipewa na Umutesi, mujukuu wangu wa Kigali. Alisema, "Nyogokuru, andika vyenye utafanya kule hospitali, nikija nitasoma." Sawa, utasoma, kama Kiswahili yako itatosha. Mi kuandika nilifundishwa na katekista kule Masisi, ng'ambo ya mupaka, mu Kiswahili, miaka mbili tu, kisha baba akasema inatosha, ng'ombe hazisome. Kinyarwanda ninasema, kuandika hapana. Na ni vizuri: Munezero, muke wa mutoto wangu, hajue kusoma hii, na humu ndani ataingia mara mingi.

Jeshi imesimamisha hospitali ya mahema hapa karibu na ziwa, juu ya watu wenye waliumia mu vita ya ng'ambo. Wako askari wenye walivuka mupaka, wakaacha bunduki ku bariere, wakafika na damu. Waganga na wauguzi walitoka Kigali. Kinyarwanda wanajua, Kingereza wanajua, Kiswahili wanajua "habari" na "pole". Na wale wagonjwa Kinyarwanda hawajue. Sasa, kwetu mugonjwa halale peke yake. Hospitali inatoa dawa, nyumbani inatoa chakula na murwaza, ni kusema mutu wa kuikala pembeni ya kitanda, kumuosha, kumulisha, kumugombeza. Hawa nyumbani yao iko wapi? Padiri akasema ku misa, "Wamama wenye wanajua Kiswahili, wasimame." Nikasimama. Verediane, muuza sambaza, tule tusamaki twa ziwa, naye akasimama. Si hata Mukatolika, ni mulokole, alikuja mu misa kutafuta wateja.

Leo tuligawiwa vitanda. Verediane akapewa Kasereka, mupishi wa jeshi ya ng'ambo, mikono yote mbili mu plasta, tumbo kama ngoma. Mi nikapewa kijana moja wa muguu, jina Cedric. Analala ameangalia kitambaa ya hema. Nilimusalimia mara tatu. Hakuna kitu.

Jumanne, 4

Ngoga alifungua mulango. Alisema mwaramutse. Sauti ilikuwa ya chini, lakini alisema.

Cedric walimutoa maji ya mushipa, sasa anaweza kula. Nilileta viazi ya Nyakiriba na sombe, majani ya muhogo. Nikaonja, chumvi ilikuwa sawa, nikamupa. Alimaliza yote, akapangusa sahani na kidole. Kisha akauliza, "Madame, unaikala wapi?"

Nikamuambia, "Mbugangari. Na bomu ya kwenu ilianguka ku jiko yangu. Mabati ikatoboka, kuku wangu watatu wakakufa, na sufuria yangu ya ndoa ikawa chujio."

Nilimuambia juu ni kweli, na juu mutoto anapaswa kujua anakula mukono ya nani. Akaangalia sahani. Nikasema mu roho yangu: vizuri, amepata haya kidogo.

Jumatano ya Majivu, 5

Nimepakwa majivu. Tangu niliolewa, Kwaresima yote, hakuna kitu inapita mu kinywa yangu mpaka jua izame. Maji tu. Marehemu bwana yangu alijua, watoto wanajua, parokia muzima inajua. Nilifunga na mimba. Nilifunga njiani tukirudi Rwanda, na godoro ku kichwa. Wengine siku hizi wanafunga sukari, wengine wanafunga musiki ya telefone. Mi ninafunga kula.

Nilipeleka uji ya mutama, ya moto, na maziwa. Cedric aliangalia uji, akaniangalia mimi, akasema ameshiba.

Ameshiba nini? Hewa?

Alhamisi, 6

Mvua. Maharagi. Hakukula.

Ijumaa, 7

Mvua. Viazi na mboga. Hakukula. Kasereka aliniomba na macho, nikamulisha yeye.

Jumatatu, 10

Verediane hana haya. Kila kijiko yenye anamupa Kasereka, yake inatangulia. "Nionje kwanza," anasema, na kuonja kwake inafika nusu ya sahani. Nikamuambia, "Verediane, ulikuja kulisha ao kulishwa?"

Akajibu kinywa imejaa: "Dancille, we uko na Kwaresima yako, mi niko na njaa yangu."

Kasereka akacheka mpaka plasta ikagonga chuma ya kitanda. "Mama Dancille, umuache. Mi nilipikia batayo muzima miaka kumi, hakuna kapiteni hata moja alinionjea chakula. Leo ninaonjewa kama mwami, mufalme muzima!"

Na jeshi yenye iko na wapishi kama hawa inataka kushinda vita.

Jumatano, 12

Leo nimeona ajabu. Cedric alikula. Nilimuletea yai ya kuchemsha, akaomba aimenye mwenyewe, akaimeza mara moja. Ndizi pia, aliimenya mwenyewe. Lakini viazi yenye nilikuwa nimeisha kumenya, hapana. Muchuzi ya samaki, hapana. Muuguzi akamupa biskuti yenye imefungwa mu karatasi yake, akaikula.

Nikamuuliza, "We ni mutu ao ni nyani?"

"Ni mutu, madame."

Na adabu. Ile adabu yake njo inanichoma.

Jumamosi, 15

Mvua imepasua hema. Tulisukuma vitanda, wauguzi upande moja, warwaza upande ingine, na Kasereka juu ya kitanda yake anatuamuru kama jenerali: "Kushoto! Kushoto! Mama Verediane, we si gari, punguza mwendo!" Verediane akateleza, akaikala chini mu maji, akacheka yeye mwenyewe wa kwanza. Hata Cedric aligeuza uso ili tusione meno yake. Nikaona. Kumbe meno iko. Sasa ni za nini, kama hazitafune?

Jumatatu, 17

Muganga mukubwa wa hema yetu ni Afande Shyaka. Alikulia Uganda. Kiswahili yake ni ya jeshi, hata akikusalimia unafikiri umefanya kosa. Leo alifungua bandeji ya Cedric na akaniita niangalie. Niliona ng'ombe zikizaa, niliona watu wakikufa, lakini nilishika chuma ya kitanda. Kipande ya bomu ilichukua nyama ya mbele ya muguu, kutoka goti mpaka karibu na kifundo.

"Mukecuru," akasema, "mufupa tumefunga. Lakini hapa juu lazima nyama iote. Dawa inatoka kwangu. Nyama inatoka kwenye sufuria yako. Huyu hali, nyama haioti."

Akaeleza. Waganga wa kubandika ngozi watatoka Kigali tarehe 14 ya mwezi wa ine. Wakikuta kidonda ni nyekundu na safi, watakata ngozi ku paja na wataibandika. Wakikuta iko kama leo, ya kijivu na kavu, watakata muguu chini ya goti, juu ikiikala vile itaoza na itamuua.

Nikasema, "Afande, si umupe amri ya kula?"

"Nilimpa jana. Alipiga saluti akiwa amelala. Hakula."

Cedric alisikia yote. Aliangalia kitambaa ya hema. Huyu kijana yuko na miaka makumi mbili na mbili.

Jumanne, 18

Bugali na sambaza ya kukaanga. Hakukula.

Jumatano, 19

Muchele! Mi, ku pesa yangu, muchele! Hakukula. Alisema asante.

Jumamosi, 22

Yai tu. Ndizi tu. Nyama haiote ku yai moja.

Jumanne, 25

Leo nitaandika yote.

Leo nilichinja kuku wangu wa ine. Ile ya mwisho, mwekundu, mwenye aliponea bomu. Munezero alinishika mukono, mi mama mukwe wake: "Mabukwe, huyu tulimuacha wa mayai!" Nikamuambia anyamaze, mayai haijengake muguu. Nikamupika polepole na kitunguu, nikafunga sufuria mu kikwembe ili ibaki ya moto. Njia yote, harufu inaniingia mu pua, na mi nimefunga, na jua iko wapi. Niliteseka kama mutakatifu.

Nikafika. Nikafungua. Hema yote ikageuka, mpaka mwenye alikuwa analala. Nikaweka sahani mbele ya Cedric. Akaniangalia. Akasema, "Asante, madame, nimeshiba."

Bon. Mi si chuma.

"We Cedric! Hii kuku aliponea bomu ya kwenu, leo amekufa juu yako, na unamugeuzia mugongo? Muguu yako iko inaoza! Mama yako akiniuliza nitamuambia nini, kama mutoto wake alikufa na njaa pembeni ya sufuria?"

Akainuka akaikala. Sauti yake sikuwahi kuisikia vile.

"Basi kula wewe!"

"Nini?"

"Kula wewe kwanza, madame! Siku ya kwanza ulionja, nikakula. Kisha ukaniambia bomu ya kwetu ilivunja jiko yako, kuku zako zikakufa. Kesho yake ukaleta uji, hukuonja. Kesho kutwa hukuonja. Mpaka leo unasimama pale, mikono mu kikwembe, 'kula, kula.' Mama Verediane anaonja ya Kasereka. Wewe hauonje hata kidogo. Kwetu mutu mwenye anakupa chakula na haonje, anajua kenye aliweka mule."

Verediane alikuwa na kijiko njiani, ikabaki hewani.

Mi. Murozi. Mi, Dancille, mwenye nililisha watoto saba na yatima watatu na kila katekista mwenye alipita Mbugangari, leo ninaitwa mutu wa sumu mbele ya hema muzima. Nilifunika sufuria. Nilichukua sahani yangu, kijiko yangu, kikwembe yangu. Nikatoka.

Ngoga ku mulango akasema, "Mukecuru, sufuria inarudi imejaa?"

"We nawe, nyamaza."

Jumatano, 26

Sikuenda. Niko na kichwa yenye inauma.

Alhamisi, 27

Asubuhi Verediane alipita na beseni yake ya sambaza. Hakuikala. Akasema, "Dancille, pumuzika na Kwaresima yako. Cedric nitamulisha mi, pamoja na Kasereka. Sahani mbili, nitaonja mbili, tumbo iko." Na akaenda akiyumba kama mutumbwi. Nilibaki mu mulango na hasira yenye sikujua niitupie nani.

Mu jiko Munezero alikuwa anaosha viazi. Anasikia kila kitu yule. Akaniuliza kama mutu mwenye hataki kuuliza: "Mabukwe, ni kweli haukumuonjea?"

"Niko ninafunga!"

"Ninajua. Lakini yeye anajua?"

Nikachukua kiazi moja, nikaiosha. Akaendelea, bila kuniangalia: "Mi siku yenye niliingia humu bibi harusi, ulinipa maziwa. Ulikunywa kwanza, kisha ukanipa. Kama haukukunywa, mi ningerudi kwetu ile siku ile, na baba angenisifu."

Ni kweli. Hakuna mutu hapa, ng'ambo hii ao ng'ambo ile, atakupa kinywaji bila kugusisha mudomo yake kwanza. Hata pombe ya harusi, mwenye kuileta anakunywa mbele ya wageni. Mi mwenyewe sijawahi kunywa chai ya mutu mwenye hakuonja. Ninaimwanga ku maua yake. Na ku kijana mwenye yuko peke yake, amelala, hawezi kukimbia, nilienda nikamuambia watu wa kwao waliua kuku zangu, kisha nikaanza kumuletea sahani na kinywa imefungwa.

Niliangalia mbingu sana. Sikuangalia sahani.

Lakini kufunga yangu! Nikaenda kwa padiri Ndahiro. Huyu padiri ni kijana, anaendesha pikipiki, na dhambi za watu hazimuogopeshe. Nilimukuta anaiwasha.

"Padiri, nikikula mchana mu Kwaresima, nitakuwa Mukristo gani?"

"Mama Dancille, nani alikukataza kula mchana siku makumi ine? Kanisa?"

"Hapana."

"Askofu?"

"Hapana. Ni mi mwenyewe."

"Basi ruhusa uombe kwa mwenyewe. Na sheria ya kufunga inaachilia wazee wa miaka makumi sita. Wewe uko na ngapi?"

Nikamuambia hiyo si kazi yake. Akacheka, kisha akazima pikipiki, akaniangalia vizuri. "Mama, uliahidi Mungu njaa yako. Yeye anakuomba kijiko moja. Sasa utabishana naye?"

Akaenda. Nilitaka aniambie ni ngumu, ni dhambi kubwa, nipige rozari makumi tano. Alinipa kijiko.

Ijumaa, 28

Maharagi na bugali. Nilipita kwa Ngoga bila kumugombeza, akaogopa, akaniuliza kama niko mugonjwa.

Sikusimama. Niliikala ku kitanda ya Cedric, karibu na ile muguu. Verediane alikuwa ameshaweka sahani yake pale, nikaisukuma na kiwiko. Nikachukua bugali, nikachovya, nikaweka mu kinywa, mchana, jua ku kichwa, mara ya kwanza tangu ndoa yangu. Nikatafuna. Maharagi ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Cedric akazungusha sahani. "Na huku."

Nikakula huku.

"Na ya chini."

Nikachimba chini, nikakula.

"Na maji."

Nikakunywa maji. Akangoja. Hema yote ikangoja.

"Unangoja nini tena?"

"Ninaangalia kama utaanguka."

"Nikianguka ni uzee, si sumu!"

Kasereka akapiga kelele kutoka kule: "Mi nilibeti biskuti mbili kama ataanguka! Mama, saidia masikini, anguka kidogo!"

Njo pale Cedric alicheka. Akachukua bugali na mukono yake. Alikula kama mutu mwenye anarudi kutoka mbali. Akamaliza sahani yangu, akamaliza ya Verediane, akauliza kama ile kuku alibaki.

Kuku tulikula Munezero na mi na bwana yake, juzi usiku, na hasira. Nilimuambia alitoroka.

Jumamosi, 29

Umuganda, kazi ya pamoja ya mutaa wote. Tulisafisha mifereji. Jirani yangu Hitimana aliegemea jembe, vile anafanyaka kila mwezi, akasema watu wasikie: "Dancille, ninasikia unalisha wenye walitutupia bomu."

Nikamujibu: "Ninalisha moja, na yeye hajue kutupa hata ganda ya ndizi. Ukipata mwenye alitupa, umulete. Nitamulisha naye, lakini bila chumvi. Sasa chimba."

Alichimba.

Alhamisi, 3 mwezi wa ine

Asubuhi uji, ninaonja. Mchana bugali, ninaonja. Mangaribi viazi, ninaonja. Cedric anazungusha sahani kama usukani. Ku kanisa Mama Régis alinishika shavu: "Dancille, Kwaresima ya mwaka huu imekukubali!" Kikwembe yangu haifunge vizuri. Ni aibu na ni kazi.

Verediane alinifundisha kuweka unga ya sambaza mu uji. Ni wazo muzuri. Sikumuambia.

Jumatatu, 7

Leo tunakumbuka wetu wenye waliuawa mu jenoside. Siandike.

Alhamisi, 10

Afande Shyaka alifungua bandeji. Ile kijivu imeondoka. Kuko wekundu, vidonge vidonge, kama tuta yenye imeanza kuota. Nilipiga makofi. Afande hakupiga.

"Inaota, lakini tulipoteza wiki tatu. Katikati bado. Ningekuwa na wiki moja zaidi, ningekuambia mguu huu ni wa kwetu. Lakini wanakuja Jumatatu."

Cedric akaniuliza, "Madame, muguu yangu wakiikata wanaiweka wapi?"

Nikamuambia akule.

Jumapili ya Matawi, 13

Mvua yenye sijawahi kuona. Tulishika matawi, upepo ikatunyanganya. Muto ya Sebeya imejaa mpaka inanguruma kama lori. Nilitukana hii mvua tangu mwezi wa tatu na leo nilirudilia yote.

Jumatatu, 14

Waganga wa Kigali hawakufika! Mulima imeshuka ku barabara, magari imefungwa. Watakuja wiki ijayo, siku ya pili nyuma ya Pasaka.

Mvua, ninakuomba musamaha. Nyesha.

Jumatano, 16

Supu ya mifupa. Yai mbili. Uji ya Verediane mara tatu. Nyesha.

Ijumaa Kuu, 18

Hii siku niliiogopa tangu siku yenye nilianza kula. Kwaresima nilishapoteza, sawa. Lakini leo? Hata walevi wanafunga leo. Nilipika maharagi nikilia kidogo, si juu ya kitunguu, na Munezero alijifanya hakuona. Nikasema: Bwana, ulinipa kijiko, nitaibeba mpaka mwisho.

Nikafika ku kitanda. Nikaikala. Nikachukua bugali, nikachovya, nikapeleka ku kinywa.

Cedric akanishika mukono, na hakuniita madame, aliniita vile kwao wanaita bibi yao.

"Koko, leo ni Ijumaa Kuu."

"Ninajua ni Ijumaa Kuu. Acha mukono."

"Mama Verediane aliniambia. Kama ulikuwa unafungaka tangu ndoa. Kama ulivunja juu yangu." Akatoa ile bugali mu vidole yangu. "Leo usionje."

Na akaikula. Ile yenye nilikuwa nimeshika. Kisha akavuta sahani, hakuizungusha, akakula yote, na mi niko nimekaa pale, kinywa imefungwa, mikono mu kikwembe. Mara moja tu aliinua kichwa, akasema chumvi ni kidogo.

Nilimuambia aikule vile iko.

Verediane alikuwa anapangusa Kasereka midevu na alipangusa ile fasi moja mara mingi sana. Nilienda nikasimama pembeni yake. Nikamuambia unga ya sambaza mu uji ni wazo muzuri. Akasema, "Ninajua." Mutu wa kiburi yule.

Pasaka, 20

Amefufuka! Tulikula wote mu hema, na mi ndani, bila kuonja, kula ya kweli. Kasereka waliondoa plasta moja. Amekula na mukono yake na amesema haina utamu.

Jumanne, 22

Waganga wa Kigali walifika, wakaingia na Cedric asubuhi. Wanasema warwaza wangoje inje. Tulingoja chini ya mabati karibu na mulango, Verediane na mi, mvua inapiga. Verediane hajawahi kunyamaza vile, nilifikiri amekufa akisimama. Ngoga alituletea benchi yake mwenyewe, kisha akasimama tu pale, bunduki ku bega, akiangalia mulango ya hema ya upasuaji kuliko mulango ya kwake.

Nilisali rozari, nikaichanganya, nikaanza tena. Nilifikiria mama yake kule ng'ambo, mwenye hajue kama leo ni leo.

Afande Shyaka alitoka, kofia ya kijani, uso wa jeshi, hausomeke.

"Mukecuru."

"Sema."

"Vidole viwili vya mguu vimekwenda. Havikuwa na damu."

"Na muguu?"

"Mguu upo. Ngozi imebandikwa."

Verediane alinikumbata, tukaanguka pamoja ku benchi ya Ngoga, ikavunjika. Ngoga akasema haina neno. Afande Shyaka, mutu wa amri, alitusaidia kuinuka, moja moja, na niliona anacheka ku pembe ya mudomo. Niliwaza: huyu naye mama yake alimulea.

Ijumaa, 25

Ngozi imeshika. Analala sana. Anakula sana.

Jumanne, 29

Kasereka aliomba ruhusa ya kutupikia. Alitupikia na mukono moja. Batayo ile iliteseka.

Jumatatu, 5 mwezi wa tano

Leo ilikuwa siku ya kusimama. Afande alileta mikongojo. Cedric aliangalia muguu yake, ya kiraka kama kaptula ya mutoto wa shule, akasema kesho.

Jumanne, 6

Akasema kesho.

Jumatano, 7

Anasema itapasuka. Anasema anasikia ngozi inavutika. Afande aliniita pembeni: ngozi iko nguvu, mufupa iko nguvu, ni roho yenye inaogopa. Lakini asipokanyaga wiki hii, kifundo itakauka vile imelala, na atabaki na muguu ya kubeba, si muguu ya kutembelea. "Mimi nikimwamuru, atapiga saluti," akasema. Akaniangalia. Akaenda.

Alhamisi, 8

Mvua imekuwa ya asubuhi tu, na ziwa imetulia. Msalaba Mwekundu walipata mama yake. Alisema na Cedric ku simu, wakalia wote mbili, kisha akaomba kusema na mi. Aliniita dada. Akaniuliza, "Atakuja na miguu yake?" Nikamuambia atakuja. Sasa nimesema neno kwa mama ya mutu, na mi sisemake uongo.

Kwa ile, Cedric, ninaandika hii na kesho nitakusomea mbele ya hema yote. Hutasema haukusikia. Kesho asubuhi, ukimaliza uji, unashuka ku kitanda. Verediane atasimama ku miguu ya kitanda ya Kasereka, mi nitasimama mbele yake, na kati yetu na wewe ni hatua ine. Hakuna mutu atakushika. Afande atakuwa ku mulango, ametugeuzia mugongo, asione kama utalia. Lia, lakini tembea. Shika mikongojo yote mbili, funga meno, shusha muguu ya ugonjwa chini, na uikanyage.